Nani aliipa video ruhusa ya kuinyamazisha rumba yangu?

Bwana Mhariri,

Mimi ni mama fundi wa kushona, komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Mashini yangu ni ya kukanyaga, maana umeme wetu huja unapotaka wenyewe. Kwa mtu anayekanyaga kutwa nzima, muziki ni chombo cha kazi kama mkasi. Rumba ikianza polepole, nashona ukosi na mifuko. Ikifika kwenye seben, gitaa zikianza kukimbizana, ndipo navuta mishono mirefu ya ubavuni na mguu unakwenda wenyewe. Wateja wangu wa zamani wananijua: wakikuta seben imepamba moto, hawanisemeshi.

Nyimbo zote ziko kwenye kadi ya telefoni, hazili mega hata moja ya intaneti, na sauti inatokea kwenye bafle ndogo isiyo na waya. Shida ni kwamba telefoni hiyo hiyo ndiyo kitabu changu cha mitindo. Siku hizi mteja haji na picha aliyoichana kwenye kalenda. Ananiandikia, "Mama, nataka mkono kama wa yule dada," nami nafungua mtandao, nateremsha kidole nikiutafuta huo mkono. Ghafla video ya mtu mwingine kabisa, ambayo sikuiomba, inaanza kusema. Rumba inakatika. Mguu unasimama, sindano inabaki ndani ya kikwembe. Nikiifunga ile video, muziki haurudi. Lazima nipanguse mikono, nitafute wimbo, nibonyeze upya. Siku moja nilihesabu: mara 11 kabla ya bukari ya mchana.

Hayo ya kazini ningeyameza. Kilichonifanya nishike kalamu ni kilio cha jirani yetu aliyefiwa na mama mkwe. Nilipeleka bafle yangu, na nyimbo za kwaya zikawa zinatoka kwenye telefoni yangu. Usiku, watu wameinamisha vichwa, dada yangu mdogo aliyeko Kolwezi akaniandikia kuuliza mazishi ni saa ngapi. Nikataka kumjibu, kidole kikaenda pasipo pake, kikafungua programu nyingine. Kwaya ikanyamaza, na bafle ikatoa kicheko cha mchekeshaji, kikubwa, mbele ya wafiwa. Zilikuwa sekunde chache tu. Papa mmoja mwenye fimbo aligeuka akanitazama bila kusema neno. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikampelekea telefoni kijana anayezitengeneza, nikamwambia imeharibika. Akacheka. "Mama, haijaharibika. Ndivyo ilivyofundishwa." Akanieleza kwamba kwenye Android, tangu toleo la 2.2 la mwaka 2010, programu zinapeana zamu ya kusema. Inayotaka kutoa sauti inaomba zamu, na kuna namna za kuomba. Ile inayokuonyesha njia inaomba zamu fupi: muziki unashusha sauti, unaambiwa pinda kushoto, kisha unapanda tena. Nyingine inaomba muziki usimame kidogo, halafu uendelee. Lakini iko ya tatu, inayoomba zamu yote, kana kwamba mwenye telefoni ameamua kuachana na muziki wake. Video nyingi zinaomba hiyo ya tatu, na telefoni inakubali bila kuniuliza.

Hapo ndipo ninapogomba, Bwana Mhariri. Kwangu mteja akinikuta nashona nguo ya mwenzake, anasalimu, anavuta kibao, anangoja. Hajatokea hata mmoja aliyechomoa nguo ya mwenzake chini ya sindano akaweka yake. Mtu akinipigia simu, muziki usimame, sawa. Nikibonyeza mwenyewe ujumbe wa sauti wa mwanangu, usimame pia. Lakini video iliyopita tu mbele ya macho yangu, nani ameipa zamu?

Yule kijana alinisaidia, na ninaandika alichofanya kwa sababu wengi wenye telefoni kama yangu hawajui kama kinawezekana. Kwanza aliingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe. Facebook, kwa mfano, walitangaza Februari 2017 kwamba video za kwenye ukurasa zitaanza na sauti, lakini waliacha mahali pa kuikataa: ukiingia kwenye mipangilio, upande wa video, unazima sauti ya mwanzo. Hapo hapo unaweza kukataza video zisianze zenyewe. Mega zangu sasa zinafika mwisho wa juma, jambo ambalo sikulitegemea.

Iliyobaki ni programu moja sugu, isiyo na mahali pa kukataa. Akagusa mara 7 ile namba ya muundo wa mfumo (build number) mpaka telefoni ikamfungulia mlango wa watengeneza programu, akaichomeka kwenye kompyuta kwa waya, akaandika amri moja: programu hii ikiomba zamu ya sauti, usiisikilize. Tangu siku hiyo muziki haukatiki. Video ikisema, zinasikika zote mbili pamoja, kelele tupu, lakini mguu haupotezi hesabu. Ukiifuta programu na kuiweka upya, amri hupotea, unarudi kwa fundi. Kwenye Samsung nyingi huhitaji waya: kwenye mipangilio ya sauti kuna mahali pa kuchagua programu moja tu itoke kwenye bafle, nyingine zikabaki kwenye telefoni. Kwenye kilio kile, hilo tu lingeniokoa. Tena, wale wanaosema "weka usisumbue" wanajidanganya: hiyo inanyamazisha simu na taarifa zinazoingia, si video uliyoikuta ndani.

Nimelipa franka 5,000 ili chombo changu kinitii. Sikumlalamikia kijana, alifanya kazi. Ninachowaomba wanaouza telefoni mjini ni kuuliza kabla ya kumkabidhi mama mnunuzi: muziki wako ukatike au usikatike? Wanaweka kava na kioo cha kukinga bila kuombwa; hili ni la dakika mbili. Nawe, Bwana Mhariri, tuchapie hatua hizi kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, tuzibandike ukutani, maana telefoni za hapa zinatusemesha Kifaransa na wamama wengi wanaogopa kubonyeza wasichokisoma.

Naomba niishie hapa. Libaya 6, blauzi za harusi ya Jumamosi, zinaningoja, na mikono yote 12 bado.

Mama fundi,
Katuba, Lubumbashi