Mtafiti wa programu: tuambieni aligundua nini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kumpongeza mtafiti wa uhandisi wa programu za kompyuta, mzaliwa wa huku kwetu kusini. Na mimi nampongeza kwa moyo mweupe, maana kupenya kwenye majarida makubwa si mchezo. Ila nimeisoma mwanzo hadi mwisho, nikairudia, sikuona mlipoandika ametafiti nini. Idadi ya machapisho ipo. Idadi ya nukuu, yaani mara ambazo watafiti wengine wamezitaja kazi zake, ipo. Fahirisi ya h ipo, tena kwa herufi nzito. Kazi yenyewe ndiyo haipo.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na hiyo h: ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti mwenye h ya 12 ana machapisho 12 ambayo kila moja limenukuliwa mara 12 au zaidi. Basi, ni hivyo tu. Haisemi waliandika watu wangapi, wala kama walionukuu walikuwa wanasifu au wanakosoa. Tena inategemea umehesabia wapi. Google Scholar huokota hata tasnifu na ripoti, hivyo kwa mtu yuleyule namba yake kwa kawaida huizidi ya Scopus, hifadhidata nyingine ya makala za kitaaluma. Ninyi mlihesabia wapi? Hamkusema.

Kwenye fani hii namba hupotosha kirahisi. Mwaka 1994 Chidamba na Kemerer, samahani, Chidamber na Kemerer (majina haya yananisumbua hadi leo), walichapisha vipimo sita vya kupima usanifu wa programu. Makala yao imenukuliwa maelfu ya mara. Wapo waliovitumia vipimo hivyo kubashiri ni sehemu gani ya programu itazua hitilafu, na wapo waliovihoji. Makala ya kuvihoji ilitoka mwaka uliofuata, kwenye jarida lilelile lililochapisha ya kwao. Wote hao wanaingia kwenye hesabu ya nukuu, aliyekubali na aliyekataa. Halafu watu wa fani hii kazi zao nzuri huzipeleka sana kwenye mikutano, kama ule wa kimataifa uitwao ICSE ulioanza mwaka 1975. Anayehesabu majarida peke yake anamdhulumu mtafiti jasho lake.

Nayasema haya kwa sababu mimi ni mtu wa mifumo, nazunguka AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za Tandahimba na Newala. Msimu wa korosho ukifunguliwa, karani anapima gunia, anaingiza uzito kwenye simu, mtandao unakata. Foleni imejipanga na mama mwenye gunia anataka stakabadhi yake aondoke. Karani anaandika kwenye kaunta buku, usiku anaingiza upya. Kumbe ile ya mchana nayo ilishafika. Kukicha, mkulima mmoja ana mizigo miwili kwenye mfumo na ghalani upo mmoja. Malipo yanasimama, tunakaa na madaftari kilo kwa kilo, na maneno ya kijiweni yote yanamwangukia karani: amekula hela zetu. Kumbe kosa ni la aliyeandika programu akidhani mtandao upo saa zote. Namna ya kukusanya mahitaji ya watumiaji, namna ya kuijaribu programu kabla haijafika kijijini, huo ndio uhandisi wa programu. Huenda mtafiti wenu ana jibu la hili. Huenda anashughulikia jambo jingine kabisa. Kwa makala mliyoandika sina namna ya kujua.

Kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapa hapa Mtwara. Mkulima wa Newala hajui makala za watafiti wake zimenukuliwa mara ngapi, na hajawahi kuuliza. Anajua salfa inapulizwa lini kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na mche upi apande. Sidai kila utafiti ufike shambani mwaka uleule; mwingine huchukua miaka, na nukuu zinaonyesha angalau kwamba watafiti wenzake wameisoma kazi yake. Lakini gazeti linaandikwa kwa ajili yetu, si kwa kamati ya kupandisha vyeo chuoni.

Kuna jambo la mwisho, na hili linamhusu mtafiti mwenyewe. Nilipotafuta moja ya makala zake nilikuta inauzwa kwa dola, kwa bei ambayo kijana wa IT wa huku hawezi kuilipa kwa kurasa kumi na kitu. Wachapishaji wengi, wakiwemo IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi, humruhusu mwandishi kuweka nakala yake iliyokubaliwa kwenye tovuti yake binafsi. Mkimpigia tena simu, mwombeni aziweke, na anieleze kwa Kiswahili cha kawaida ile anayoiona bora kuliko zote inasema nini. Mkiichapisha kabla ya Oktoba, nitakuwa nayo mkononi magunia yakianza kuingia ghalani.

Msomaji wenu,
Mtu wa mifumo, Mikindani, Mtwara