Rehema, nisaidie kwa Mama na kuta zake

Rehema shoga yangu,

Asalaam alaykum. Hujambo? Bibi na watoto hawajambo? Sisi huku Unguja wazima, joto tu ndilo linalotusema. Najua kimya chako ni karafuu, sikulaumu. Ila hili langu halingoji karafuu zikauke.

Kaka katuma pesa toka Maskat za kutengeneza ghorofa ya juu kwa Mama. Alhamdulillahi. Tatizo, pesa zimekuja na picha: sebule ya mtu huko, kuta kijivu, makochi kijivu, zulia kijivu, dari ya jipsam yenye vitaa vya kuzamisha. Hata maua mezani kijivu, wallahi. Na Mama kaipenda! Anamwonyesha kila anayepanda ngazi, mpaka kijana wa maji.

Mie sina ugomvi na kijivu. Nyumba ile ina vioo ukuta mzima, jua linaingia mpaka linakera. Sebule ya Mama unaijua: ndefu, nyembamba, dirisha la maana moja, nalo linatazama uani. Nikamwambia fundi apake kiraka cha kijivu kwanza kabla hatujanunua ndoo. Asubuhi kilipendeza, sikatai. Alasiri kikaanza kununa, na kabla ya magharibi kona yote ilikuwa giza, tukawasha taa. Pembeni yake ile chokaa ya zamani, na michirizi yake yote, bado ilikuwa na mwanga, tena mwanga wenye ukijani kidogo kwa sababu ya mpapai wa uani. Nikamwita Mama aone. Akasema nimechagua saa mbaya.

Na fundi naye! Anataka rangi ya mafuta, eti unafuta kwa kitambaa. Kuta zile ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, zinanyonya maji toka chini na lazima ziyatoe. Ukiziziba, maji yatapita wapi? Nimempeleka kwa Mama Nasra akatazame mwenyewe: ukuta umetoka malengelenge, ukilibonyeza moja linapasuka, unamwagika unga mweupe wa chumvi. Fundi akasema rangi ile ilikuwa ya bei rahisi. Haya.

Chokaa nayo inataka moyo, nakiri. Nimepaka kipande nyuma ya mlango: ikiwa mbichi unaliona jiwe vilevile, unadhani umepaka maji matupu. Kesho yake imekauka, nyeupe. Unarudia nyembamba nyembamba. Mama hana subira hiyo, na Kaka ndiyo kabisa, kila siku anauliza "mmemaliza?"

Lakini kinachoniuma khasa ni boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari. Wanataka kuzifunika! Mikoko ile ndiyo iliyokipima chumba. Upana wa sebule ni mita 3 hazifiki kwa sababu boriti zenyewe hazikuwa ndefu zaidi. Na tangu sehemu ya lile jumba la kale la Beit al-Ajaib iporomoke Desemba 2020, mvua ikinyesha Mama anatazama dari. Jipsam ikishapita chini yake, boriti ikiloa au ikiingia mchwa, atatazama nini? Halafu Kaka anazungumzia kubadili na dirisha, kama hajui kwamba Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na kibali cha mamlaka lazima. Hilo nimemwachia ajibizane nao mwenyewe.

Aliyenifungua macho ni Bi Kidawa, alipokuja kunywa kahawa. Tunabishana rangi, yeye kimya, mwisho akauliza: "Kwani nyie kanga hamvai?" Alikuwa kajifunga kisutu. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi, na pindo linashika mji wake, ule uwanja wa katikati. Tangu siku hiyo naiona sebule hivyo: kuta nyeupe za chokaa, boriti na weusi wake wa uzee, mbao za dirisha kijani, na chini mkeka mmoja mkubwa wa ukindu, damu ya mzee na rangi ya ukindu wenyewe. Kwenye vidaka, vile vishimo vya ukutani, zile sahani za bluu za bibi, ambazo sasa hivi ziko chini ya kitanda ndani ya gazeti. Hakuna cha kununua zaidi ya mkeka, na Kaka akibakiwa na pesa, bafu linavuja!

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mpigie Mama. Wewe anakusikiliza, mie ananiambia najifanya mjuaji. Usianze na chokaa, anza na sahani za bibi. La pili ni mkeka, futi 6 kwa 9, usiwe na zambarau wala ile pinki inayouma macho.

Yule mama wa Wete aliyesuka wa harusi ya Zuwena bado anasuka? Anachemsha rangi mwenyewe? Haichuji ikimwagikiwa maji? Ataniuzaje, na atataka nusu kwanza? Na yule mzee wenu wa chokaa bado anachoma? Maana hii ya mifuko siiamini. Salum anavuka na boti lini, anaweza kuubeba? Na wewe unakuja Idi, au ndiyo yale yale ya mwaka jana?

Wako,
Mwanaidi