Mjusi wa Tendaguru na waliombeba

Mhariri,

Kila mjadala wa mjusi mkubwa aliyeko Berlin, yaani mifupa ya dinosaria iliyo katika makumbusho ya huko, unapozuka, hoja huwa fedha za watalii, huku waliomtoa ardhini wakisahauliwa. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ili kuwatiisha kwa njaa wapiganaji wa Majimaji, mamia ya vibarua walichimba mifupa hiyo Tendaguru, kilima kilichoko Lindi, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Serikali yetu, inapozungumza na Ujerumani (na izungumze kwa sauti), idai pia orodha za malipo ya watu hao.

Msomaji,
Lindi