Picha Imeskaniwa, Lakini Huyu Ni Nani?

Mkutubi au mtu wa masjala akitupigia simu sisi tunaoskani nyaraka na picha za vyuo, swali la kwanza huwa: "Mnaskani kurasa ngapi kwa siku?" Tunajibu, kisha tunauliza la kwetu: nani atazipa majina?

Tuliwahi kuletewa flashi na chuo kimoja cha huku Nyanda za Juu Kusini. Ndani yake mlikuwa na mamia ya picha za mahafali, safi kabisa, kila moja ikiitwa IMG na tarakimu nne. Aliyeziskani alizibandua kwenye albamu akapiga upande wa mbele tu. Nyuma, mtu alikuwa ameandika kwa penseli majina na mwaka. Tulipoomba picha zenyewe, zilikwisha tupwa. Tukabaki tunatazama majoho.

Tangu hapo, kwetu mgongo wa picha unaskaniwa pia, hata kama una doa la chai tu.

Jambo jingine ni majina ya vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, na chuo kikuu mwaka 2012. Iringa nako, Mkwawa ilikuwa sekondari kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Mtafiti akiandika jina la leo kwenye kisanduku cha kutafutia, barua ya mwaka 1990 haitatokea, maana jina hilo halimo. Kwa hiyo kila faili tunaliwekea jina la wakati ule na la sasa, tarehe, aliyeandika, na namba ya jalada lilikotoka.

Mashine ndiyo kazi rahisi. Hati tunaskani kwa dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi), picha 600. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi, bila kubanwa, unakula megabaiti 26 hivi. Kurasa elfu kumi ni gigabaiti 260, kwa hiyo flashi ya mfukoni isahauni. Tunaacha nakala tatu, moja ikikaa nje ya jengo. Majalada ya wanafunzi hatuyaweki hadharani. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kinachotusaidia kuliko skana yoyote ni katibu muhtasi mstaafu. Mleteni siku moja, chai juu yetu, tumwoneshe picha kwenye skrini kubwa huku simu ikirekodi. Atasema, "Huyu alikuwa dereva wa basi la chuo," na hilo halimo kwenye jalada lolote.

Mkituletea maboksi, tafadhali msipange upya wala kung'oa pini. Pini zenye kutu tunazitoa wenyewe, na mpangilio wa masjala ni taarifa pia. Na yafike kabla mvua za Novemba hazijaanza; boksi la karatasi na bodaboda kwenye mvua ya Mbeya haviendani.