Cheti kimoja cha maabara hakitoshi kuyaita madini salama

Mhariri,

Kwa muda mrefu nimesoma kurasa zenu za afya nikanyamaza. Ile ripoti ya unga mpya wa kromiamu kwa wenye kisukari siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu anasema unga ule ni salama kwa kuwa ni "madini ya asili" na una cheti cha maabara. Risasi ni madini ya asili. Zebaki pia.

Cheti mlichokipiga picha kina mstari mmoja tu: "kromiamu". Ipi? Kromiamu ina aina zinazotofautiana kwa valensi, yaani namna inavyoungana na elementi nyingine. Ya valensi tatu ndiyo inayotiwa kwenye vidonge. Ya valensi sita, inayotumika viwandani kupaka vyuma, husababisha saratani ya mapafu kwa wanaoivuta. Kipimo cha jumla hakizitofautishi hizi mbili. Ya sita lazima ipimwe peke yake.

Huko Ulaya, mamlaka ya usalama wa chakula, EFSA, yenye makao Parma nchini Italia, humtaka mwombaji alete vipimo vya matoleo (mafungu ya uzalishaji) yasiyopungua matano, kila moja likiwa limetengenezwa kivyake. Sampuli moja mtu anaweza kuichagua. Matoleo matano huumbua kiwanda. Kila toleo lipimwe risasi (kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa virutubisho ni miligramu 3 kwa kilo), kadmiamu (1) na zebaki (0.1). Halafu ukubwa wa chembe, maana unga laini kupindukia huweza kufyonzwa tofauti. Halafu tumboni: je, madini yanaachana na kibebeo chake, yaani kemikali yaliyoungana nayo, au vinaingia kwenye damu pamoja? Vikiingia pamoja, kibebeo nacho kinahitaji tathmini yake. Ndipo huja vipimo vya madhara kwa vinasaba, kwa bakteria na kwa seli, na ikibidi panya wa kulishwa siku 90. Hatimaye hujumlishwa kromiamu ya chakula, ya maji na ya vidonge vingine, kwa sababu mwili unapokea jumla.

Mwaka 2008 huko Marekani kirutubisho cha maji kilichoandikwa maikrogramu 200 za seleni, madini mengine ya virutubisho, kwa dozi kilikutwa na takriban mara 200 ya kiasi hicho. Watu 201 katika majimbo 10 waliugua: kuhara, nywele kunyonyoka, kucha kuharibika. Seleni ilikuwa inajulikana vizuri. Toleo bovu ndilo lililofika madukani bila kukamatwa.

Na lebo je? Kopo la magnesi linaandikwa "miligramu 500", basi. Kama ni kampaundi (muungano wa kemikali) ya sitreti, magnesi halisi ni kama 80. Kama ni oksidi, ni 300, ilhali Ulaya kikomo kutoka kwenye virutubisho ni 250 kwa siku kwa sababu ya kuharisha. Mfamasia amjibu nini mteja mwenye figo mbovu, zisizoweza kutoa magnesi ya ziada mwilini?

Naomba neno "salama" lisichapwe tena kando ya kirutubisho chochote mpaka mwandishi awe na haya mkononi: jina kamili la kampaundi, uzito wa madini halisi kwa dozi, idadi ya matoleo yaliyopimwa, na aliyelipia vipimo. Muuzaji akikataa kuyatoa, mwandike kwamba amekataa. Na ripoti ile isahihishwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, kabla wanaochoma insulini hawajaanza kuuchanganya unga huo bila daktari wao kujua.

Msomaji wenu,
Morogoro