Mbwana, kamera imenipokonya kalamu

Likoni, Jumapili jioni

Mbwana ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Huku wazima, mama na kikohozi chake, joto ndilo lile lile. Nimekaa kimya tangu Idi na simu yako sikuipokea. Usinune. Haya ya leo yangekatikakatika kwenye simu.

Juma amemaliza kidato cha nne. Anataka nimwombee kazi hapa bandarini, kwenye yadi ya makontena, awe karani wa tali, wa kuhesabu na kuandika yanayopita, kama mimi babake. Tangu aniambie, usingizi sina.

Unakumbuka nilivyokuwa nikisimama getini na ubao wangu? Lori likiingia nasoma kontena: herufi 4, tarakimu 7, kisha naangalia sili ya mlango, kama haijavunjwa. Sasa pana kamera, ubavuni, juu na nyuma. Lori hata halizimi injini. Kamera inasoma, kompyuta inapiga hesabu kwa zile herufi na tarakimu 6 za mbele. Jibu likilingana na tarakimu ya mwisho, kizuizi kinainuka. Shifti moja tulikuwa sita, tumebaki wawili. Wale wanne hawakufukuzwa, la. Mikataba yao ya miezi mitatu iliachwa ikaisha yenyewe. Saidi Kijiti sasa anauza viazi karai pale Feri. Akiniona hupiga kelele, "Karani, njoo uhesabu viazi!" Nacheka, nanunua vya shilingi hamsini, naondoka haraka.

Mimi nimewekwa chumba chenye baridi, mbele ya skrini, kazi yangu kungoja mashine ishindwe. Kontena lina kutu, au tope, au rangi imebabuka: picha inanijia, naandika namba. Fundi aliyekuja kuifunga aliniambia, tena kwa furaha, kwamba kila ninaposahihisha nayo inajifunza. Mwezi wa kwanza niliitwa kama mara hamsini kwa shifti. Jana nimehesabu: tisa.

Nakwambia wewe tu. Juzi ilikuja moja imejaa tope, namba naiona vizuri, na kidole kikataka kuandika 6 pahali pa 8. Nikaacha. Si uaminifu, yakhe. Tarakimu ya mwisho ingenikamata.

Mke wangu ananiambia niache kulia. Baba alikuwa hamali Kilindini, magunia ya kahawa mgongoni, makontena yakaja yakamwondoa. Kwenye semina ya chama cha wafanyakazi tulielezwa yalikoanzia: Mmarekani Malcom McLean, mwaka 1956, alipakia 58 kwenye meli moja. Na bila kontena, asema mke wangu, wewe ungekuwa karani wa nini? Kweli. Lakini baba hakuipata kazi hii. Niliipata mimi, baada ya miaka mingi, na hapo katikati tulikula muhogo wa kuchemsha asubuhi na jioni. Unajua, ulikuwa ukija kula na sisi.

Oktoba 2024 wenzetu wa bandari za mashariki ya Marekani waligoma siku 3, na mashine zilikuwa mojawapo ya waliyoyagomea. Hapa kibarua agome vipi? Akikosa asubuhi moja, mwengine keshavaa fulana yake.

Nimemwambia Juma asomee umeme, awe fundi wa kreni. Akaniuliza, "Na kreni zikianza kujitengeneza?" Mtoto huyu! Sikuwa na jibu, nikamtuma dukani.

Sasa wewe uko Jebel Ali, bandarini Dubai, unaona. Ni kweli kreni za yadi huko zaendeshwa na mtu aliyekaa ofisini? Zikikwama usiku anaitwa nani, fundi wa umeme au mtu wa kompyuta? Hao mafundi ni watu wetu au wanakuja na kampuni iliyouza mashine? Cheti cha chuo cha hapa Mombasa kitamfikisha popote? Na wewe mwenyewe, hiyo winchi bado uko juu yake, au ndiyo sababu hunielezi habari za kazi siku hizi?

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, fomu za chuo zinafungwa. Na ile pesa ya Bi Zuhura mtumie mwenyewe. Ikipitia kwangu saa hizi haitafika.

Nduguyo,
Athumani