Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karadha, Zaka na Kalenda ya Bamvua

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, ndugu wanachama.

Kazi kubwa ya Jumuiya mwaka huu imekuwa mfuko wa karadha, yaani mikopo isiyo na riba, kwa wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja, na hapo nitakaa zaidi.

Marejesho yanachelewa, lakini si kwa ukaidi. Spinosamu, aina ya mwani tunaolima, huvunwa baada ya wiki sita hivi, na shambani huingiwa maji ya bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa) yanapokupwa, mara mbili kwa mwezi. Deni linalodaiwa kila tarehe mosi humkuta mama mkulima mkono mtupu, akauza mwani mbichi kwa bei ya kutupa. Kaskazi nayo, msimu wa joto, hupasha maji, mwani ukaozea kambani. Kwa hiyo Kamati inapendekeza malipo yaanze baada ya mavuno ya kwanza, na karadha mpya zisitolewe kaskazi. Aliyekwama, Qur'ani 2:280 imekwisha kuamua: angojewe mpaka afarijike. Faini ya kuchelewa haipo, kwani nyongeza juu ya deni ni riba hata ikiitwa ada. Gharama za uandishi tutoze kwa kima halisi, kamwe si kwa asilimia ya mkopo.

Anayehitaji kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) tumuuzie kwa murabaha. Jumuiya inunue kwanza, mzigo uwe mikononi mwetu, ndipo tumuuzie kwa bei inayotaja gharama na faida yetu. Kumpa fedha akanunue mwenyewe, kisha kumdai zaidi, ni riba iliyovishwa kanzu.

Zaka ina daftari lake na haichanganywi na karadha. Mwenye akiba ya thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikatimiza mwaka wa Hijria, hutoa asilimia 2.5. Mkulima aliyezidiwa na deni anaingia fungu la wadaiwa (9:60), ila apewe mkononi bila sharti la kuturudishia. Kwa sharti hilo tutakuwa tumejilipa wenyewe kwa haki ya maskini.

Mizozo mingi imetokana na mikopo ya mdomo iliyopitia kwa mume au kaka. Aya ya 2:282 inataka deni liandikwe na lishuhudiwe. Mama atie saini mwenyewe mbele ya mashahidi, abaki na nakala, maana mali ni yake na deni ni lake.

Mkutano upige kura juu ya kalenda hiyo ya malipo kabla kaskazi haijaingia. Mshika fedha atasoma madaftari yote mawili, kila moja peke yake.